Diski Ikianza Kugonga

Kilomita sitini hivi kutoka Nairobi, kwenye barabara kuu ya Mombasa, malori husimama Malili ili dereva apate chai na gari lipate kutazamwa. Si ajabu kumkuta fundi ameinama juu ya injini inayonguruma, ncha ya bisibisi ndefu imegusa chuma na mpini umekazwa kwenye mfupa wa sikio. Anatafuta beringi moja. Hewani kelele zote za injini zimechanganyika, lakini chuma huleta sauti ya pale kilipoguswa, na sikio lililozoea hujua ni beringi ipi iliyochoka. Asipoigundua hapa, dereva ataigundua mwenyewe mbele ya Kibwezi, usiku, akiwa na mzigo.

Sasa tuvuke barabara. Tuseme kuna duka la vifaa vya ujenzi lenye kamera nne za ulinzi, na sanduku la kurekodi picha limewekwa chini ya kaunta, jirani na mifuko ya saruji. Usiku stima zimepotea, zikarudi, zikapotea tena. Asubuhi mwenye duka anampigia fundi wa kompyuta simu.

"Fundi, hili sanduku la kamera linagonga tangu stima zirudi."

"Limegonga mara moja tu, mama, ama linaendelea?"

"Linagonga, linatulia kidogo, linaanza tena. Kama mtu yuko ndani anabisha hodi."

"Basi lizime, na usiliwashe tena. Niko njiani."

Kinachogonga humo ndani ni diski kuu, hadidiski kama wengi wanavyoiita, na swali la mama huyu limeulizwa na mwenye saiba, karani wa shule, mpiga picha za harusi na kila aliyewahi kuhifadhi kazi yake kwenye chombo kinachozunguka. Je, sauti hii ni ugonjwa au ni tabia? Nitajaribu kulichambua swali hilo kwa ukamilifu: sauti hutoka wapi, kila moja ina maana gani, sikio hudanganyika wapi, na vipimo husaidia kiasi gani. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Sikio ni shahidi mzuri na hakimu mbaya. Linaweza kukuambia kwamba kitu kimebadilika, mara nyingine hata kimebadilikia wapi. Haliwezi kukuambia diski itaishi hadi lini, na anayelisubiri litoe hukumu huchelewa.

Kinachozunguka humo ndani

Diski kuu ya kwanza kuuzwa ilitengenezwa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na kwa ukubwa wote huo ilihifadhi herufi milioni tano tu, chini ya picha mbili za simu ya leo. Umbo limepungua hadi kutosha kiganjani, lakini kanuni haijabadilika. Kuna sahani zilizopakwa utando wa sumaku, kuna mota ya kuzizungusha, na kuna mkono wenye vichwa vidogo vinavyosoma na kuandika.

Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Ukingo wa sahani yake hukimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa, wakati sheria inalitaka basi la abiria pale nje lisipite 80. Kichwa hakiigusi sahani. Huelea juu ya hewa inayoburutwa na mzunguko wenyewe, kwa nafasi ya nanomita chache, ilhali unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa kuwa hewa ndiyo mto wa kichwa, watengenezaji wengi huweka kikomo cha mwinuko, kwa kawaida mita 3,000 hivi juu ya bahari. Malili iko juu kiasi cha kupata baridi ya Julai, lakini kikomo hicho bado kiko mbali.

Ukishaiona picha hiyo, sauti za diski haziwi tena fumbo. Ziko sehemu mbili zinazotembea: mota inayozungusha sahani na mkono unaopeleka vichwa. Karibu kila sauti inatoka kwenye mojawapo, au pale ambapo vitu visivyopaswa kugusana vimegusana.

Kila sauti na jina lake

Kiswahili kimetupa maneno mengi ya sauti, na hapa yanafaa kuliko neno "kelele" linalofunika yote. Tofauti kati ya mvumo na mkwaruzo ni tofauti kati ya kuendelea na kazi na kukimbilia swichi.

Mvumo ni sauti ya mota. Huanza chini diski inapowashwa, hupanda kwa sekunde chache, kisha hutulia. Diski za zamani zilitumia beringi za gololi, na gololi zikilika mvumo hugeuka kilio kikali kinachoongezeka wiki hadi wiki. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 diski nyingi hutumia beringi za majimaji, ambazo ni kimya zaidi na hulika polepole. Mvumo uliokuwapo tangu siku ya kwanza hausemi lolote. Mvumo uliopanda, au unaopanda na kushuka kama gari linalokosa mafuta, unastahili kuangaliwa.

Mchakacho ni mkono ukitafuta data huku na huko. Hufanana na kuku anayeparura majani makavu. Huongezeka unapofungua faili kubwa, kompyuta inapojisasisha, au programu ya kuwinda virusi inapopita. Diski nyingine huchakacha hata kama hakuna mtu kwenye kiti, kwa sababu hujikagua zenyewe zikipata nafasi. Ziko diski kubwa za seva zinazotoa kishindo kidogo kila baada ya sekunde tano hivi, mchana na usiku: mkono unasogezwa makusudi ili usikae juu ya njia moja muda mrefu na kusababisha kulika. Aliyeinunua diski ya aina hiyo ikiwa mtumba na kuiweka nyumbani hushtuka usiku wa kwanza, lakini diski ni nzima.

Kishindo kimoja, "tak", diski inapozimwa au inapopumzika, ni mkono ukirudi kwenye maegesho yake. Stima zikikatika ghafla kishindo hicho huwa kikali zaidi. Sahani zinazoendelea kuzunguka kwa nguvu zake za mwisho huigeuza mota kuwa jenereta ndogo, na umeme huo ndio unaouvuta mkono kabla vichwa havijashuka. Mwezi Agosti 2023, usiku wa Ijumaa tarehe 25, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani kwa saa nyingi, diski zilizokuwa kazini bila betri ya akiba zilitoa kishindo hicho kwa wakati mmoja. Zimeundwa kulivumilia hilo. Kinachozichosha ni mazoea ya kukatiwa, na diski yenyewe huhesabu kila mara vichwa viliporudishwa kwa dharura.

Kugonga kwa mpangilio ndiko kunakotisha, na kwa haki. Tak, tak, tak, kimya, kisha tena. Kwenye sahani kuna alama maalumu zinazokiambia kichwa kilipo. Kichwa kikiharibika, au kikishindwa kuzisoma, mkono hupotea njia: huenda hadi mwisho wake, hugonga, hurudi mwanzo na kujaribu tena. Baada ya majaribio kadhaa diski hukata tamaa na mota husimama. Jina la "mlio wa kifo" lilienea duniani mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia Zip, viendeshi vya Iomega vilivyotumia diski za kuchomoa, hadi kesi ya pamoja ikafunguliwa Marekani mwaka 1998.

Mlio mwembamba wa kukatika, kama wa simu iliyoishiwa chaji, hutokea mota inapotaka kuzunguka na kushindwa. Pengine vichwa vimenasa juu ya sahani baada ya diski kuanguka. Pengine umeme hautoshi tu. Diski ndogo ya kubebeka huweza kuhitaji ampea moja hivi inapoanza kuzunguka, ilhali tundu la USB la kizazi cha pili limewekewa miliampea 500 na la kizazi cha tatu 900. Ukiichomeka kwenye kompyuta kuukuu kwa kebo ndefu ya kuokoteza, diski nzima hulia kama iliyokufa.

Mkwaruzo hauna tafsiri mbili. Sauti ya chuma kikisugua chuma, au ya msumeno kwenye kigae, ni kichwa kikilima sahani. Utando wa sumaku unaobanduka ndio data yenyewe, na vumbi lake hugeuka msasa unaoharibu sehemu nyingine. Hapo pa kusubiri hapapo. Chomoa.

Baada ya zote hizo kuna ukimya, ambao nitaurudia, kwa sababu ndio unaotuhadaa zaidi.

Sikio hudanganyika wapi

Kosa la kwanza la sikio ni kumshika asiyehusika. Ndani ya kompyuta au sanduku la kamera kuna vinavyozunguka vingine, hasa feni. Malili ni nchi ya vumbi, na malori hulipandisha kutwa nzima. Diski ya kawaida hupumua kupitia tundu dogo lenye kichujio, kwa hiyo vumbi haliifikii kirahisi. Feni haina kinga hiyo. Beringi yake hukauka, mabawa hubeba uchafu upande mmoja, ikaanza kunguruma na kutetemesha sanduku zima. Kelele ikiongezeka joto linapopanda mchana na kupungua kukipoa, mshuku feni kwanza. Mlio mwembamba usiobadilika unaweza kuwa wa koili za kifaa cha umeme. Mtetemo unaoisha ukiweka mkono juu ya sanduku huenda ni skrubu iliyolegea.

Kosa la pili ni kusahau umeme. Diski isiyopata volti za kutosha huanza kuzunguka, hushindwa, huachia, na kuanza tena, na kwa aliye nje huo ni mdundo uleule wa kichwa kilichokufa. Turudi dukani. Fundi amefika, hajafungua kitu. Anashika adapta ya sanduku la kamera, anaiona imevimba upande mmoja. Anaichomoa, anatoa nyingine mkobani yenye volti na ampea zilezile, kisha anawasha huku ameinamisha kichwa hadi karibu na kaunta. Mvumo unapanda, unatulia. Mchakacho kidogo. Hodi imekoma.

"Kwa hivyo haikuwa diski?" anauliza mama.

"Leo haikuwa diski, mama. Lakini bado sijaiuliza yenyewe."

Jibu hilo la fundi linatupeleka kwenye kosa la tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote: kuamini kwamba diski isiyolia ni nzima. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa Ukambani anaijua methali hiyo na anajua upungufu wake, kwa kuwa ameona mawingu ya Oktoba yakipita kuelekea kwingine bila kudondosha tone. Kwa diski upungufu uko pande zote mbili. Yako mawingu bila mvua, kama adapta iliyovimba. Na iko mvua bila mawingu.

Hilo la pili limepimwa. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini kwenye seva za kampuni hiyo. Hawakuzisikiliza kwa sikio. Walisoma hesabu ambazo kila diski huziweka juu ya makosa yake. Diski iliyopata kosa la kwanza katika kujikagua ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyokuwa na kosa. Hayo ni mawingu mazito. Lakini katika diski zilizokufa, zaidi ya nusu hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu, na hata dalili nyingine zote zilipoongezwa, joto likiwekwa kando, diski 36 katika kila 100 zilizokufa zilikuwa hazijatoa ishara yoyote. Ikiwa diski yenyewe haikujua kwamba inakufa, sikio la mtu lingejuaje?

SSD, ambazo zimeingia kwenye laptopu nyingi mpya, zinalimaliza suala hilo kabisa. Hazina sahani, mkono wala mota. Hazigongi wala hazivumi, na nyingi hufa kimya kimya: jana ilifanya kazi, leo kompyuta haiioni. Aliyezoea kungoja mlio ndipo anakili kazi yake, akinunua SSD, atangoja hadi siku ya msiba.

Kuiuliza diski yenyewe

Kati ya sikio na msiba kuna hatua moja ambayo wengi huiruka. Karibu kila diski ya miaka ishirini iliyopita hutunza daftari la afya linaloitwa SMART. Kwenye Windows, programu ya bure ya CrystalDiskInfo hulifungua. Kwenye Linux na mifumo mingine iko smartctl. Daftari lina mistari mingi, na watengenezaji hawaijazi kwa namna moja, kwa hiyo ni vizuri kujua michache yenye uzito.

Mstari wa 5 huhesabu sekta mbovu, yaani vijisehemu vya sahani vinavyotunza data, zilizohamishiwa kwenye akiba. Wa 197 huhesabu sekta zinazosubiri hukumu kwa kuwa diski imeshindwa kuzisoma, na wa 198 zile zilizoshindikana wakati wa kujikagua. Wa 187 na wa 188 hurekodi makosa yasiyorekebishika na amri zilizopitwa na muda. Yote mitano ikiwa sifuri, hiyo ni habari njema. Mmoja ukiwa na tarakimu ndogo isiyosogea kwa miezi, diski inaweza kuendelea ikiwa chini ya uangalizi. Tarakimu inayopanda kutoka juma hadi juma, hasa pamoja na sauti mpya, ni diski inayoaga.

Mistari mingine huondoa lawama au kuihamisha. Wa 199 ukipanda peke yake, mkosaji huwa kebo kati ya diski na ubao mama mara nyingi zaidi kuliko diski. Wa 10 huhesabu mara mota iliposhindwa kuanza kuzunguka, na huenda sambamba na mlio mwembamba. Wa 192 ni vishindo vya dharura vya kukatiwa stima. Wa 9 ni saa za kazi, na anayenunua kompyuta ya mtumba auangalie kabla ya kutoa pesa: mwaka mmoja bila kuzima ni saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 40,000 imekesha miaka minne na nusu hata kama ganda lake linang'aa.

Daftari hilo nalo lina mipaka, kama utafiti wa 2007 ulivyoonyesha. Likisema "mbaya," liamini. Likisema "nzuri," chukulia kwamba limesema tu kuwa halijaona kitu. Kwa hiyo ushahidi wenye nguvu hutoka kwenye makutano. Sauti mpya peke yake ni shaka. Sauti mpya pamoja na faili zinazochukua dakika kufunguka, au kompyuta inayoganda huku mkono ukigonga, ni shaka nzito. Vyote hivyo pamoja na mstari wa 197 unaopanda, hapo hakuna haja ya kushauriana na mtu.

Neno muhimu ni "mpya." Diski za aina moja hutofautiana kwa sauti, na anayeijua diski yako vizuri ni wewe unayekaa nayo. Njia rahisi ya kuisaidia kumbukumbu ni kuirekodi kwa simu ikiwa nzima, nusu dakika ya kuiwasha na nusu dakika ya kazi, ukiweka simu mahali palepale. Siku ukishuku kitu utakuwa na cha kulinganisha, na fundi atakuwa na cha kusikiliza kwenye WhatsApp kabla hajapanda matatu.

Pale Konza hakuna anayesikiliza

Ng'ambo ya soko la Malili, kwenye ekari 5,000 ambazo zamani zilikuwa sehemu ya ranchi ya Malili, serikali inajenga mji wa teknolojia wa Konza, ulioanzishwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi Januari 2013. Humo kuna kituo cha taifa cha data. Ni jirani wa duka letu la saruji, lakini katika suala la diski vituo vya namna hiyo huishi dunia tofauti kabisa.

Ndani ya ukumbi wowote wa seva feni hupiga kelele kiasi kwamba watu huongea kwa kupaza sauti. Fundi wa pale hata angetaka kutumia bisibisi na sikio asingeambulia kitu. Wala hana haja. Takwimu za miaka mingi ambazo kampuni ya Backblaze ya Marekani imekuwa ikizitoa kuhusu diski zake zinaonyesha kwamba katika kila 100, moja au mbili hivi hufa kwa mwaka. Aliye na diski moja huiita hiyo bahati mbaya. Aliye na elfu kumi huiita ratiba: diski mbili au zaidi kila juma zitakufa, zilie zisilie. Kwa hiyo data huandikwa mahali zaidi ya pamoja tangu mwanzo, na diski ikifa taa huwaka, mtu huja na nyingine na kazi huendelea.

Cha kushangaza ni kwamba kwenye kumbi hizo kelele hutazamwa kutoka upande mwingine. Badala ya kuuliza diski inasema nini, huulizwa diski inasikia nini. Mwishoni mwa 2008 mhandisi Brendan Gregg, akiwa Sun Microsystems, alirekodiwa akizipigia kelele diski za seva kwa mdomo, huku mchoro kwenye skrini ukionyesha zikichelewa kujibu kila alipopaza sauti. Mtetemo wa sauti yake ulitosha kuvisogeza vichwa nje ya njia zao. Septemba 2016, jijini Bucharest, benki ya ING ilijaribu mfumo wa kuzima moto kwa gesi. Gesi ilitoka kwa mlio uliozidi desibeli 130, diski nyingi zikaharibika, na huduma za benki zikasimama kwa saa kumi hivi. Mwaka 2022 mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alisimulia kisa cha wimbo wa Janet Jackson, "Rhythm Nation", ambao ulikuwa na sauti iliyolingana na mtikisiko wa asili wa diski za laptopu fulani, ukazizima kompyuta, hata ile iliyokuwa kando tu ya inayoucheza.

Mwenye duka ana la kujifunza hapo bila kujenga kituo cha data. Sanduku la kamera lisiwekwe juu ya friji, wala kando ya mashine ya kusaga, wala pale wapakiaji wanapobwaga saruji. Na la pili: wenye diski nyingi walishaacha kuuliza kama diski itakufa, wakalipanga jibu kabla ya swali.

Makosa mawili na bei zake

Ukisikia sauti ngeni unaweza kukosea kwa njia mbili. Unaweza kudhani diski inakufa kumbe ni nzima, au kudhani ni nzima kumbe inakufa. Watu huyajadili makosa haya kana kwamba yana bei sawa, na ndiyo maana hubishana juu ya mlio kwa siku tatu huku diski ikiendelea kugonga.

Bei ya kosa la kwanza ni nakala uliyoitoa bila kuhitaji. Terabaiti moja kwa kebo ya USB ya kizazi cha tatu, kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua saa tatu kasorobo hivi. Kwa USB ya zamani ni kama saa nane, usiku mmoja ukiwa umelala. Baada ya hapo una nakala, ambayo ulipaswa kuwa nayo tangu awali. Bei ya kosa la pili ni daftari la madeni ya wateja, picha za arusi ya watu, matokeo ya darasa zima. Kuzirudisha, ikiwezekana, ni kazi ya maabara yenye hewa iliyochujwa, na gharama yake hupita bei ya diski mara nyingi. Makosa yasiyolingana bei hayafai kuamuliwa kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Shaka ya asilimia kumi inatosha kunakili.

Ndiyo maana mpangilio wa hatua una uzito kuliko ustadi wa kutambua mlio. Mkwaruzo au kugonga kusikokoma: zima, kwa kuwa kila dakika ya mzunguko hula data. Diski ikiwa bado inasomeka: nakili kwanza, ukianza na vile visivyopatikana kwingine, na uache filamu na programu mwisho. Kwa diski inayogoma, ddrescue ya Linux hufanya kazi kwa akili: huchukua sehemu nzima kwanza, huruka palipoharibika, hurudi huko baadaye. Nakala ikiwa salama, sasa pima: kebo, adapta, feni, SMART. Kisha ndipo uamue kama diski ibaki, ishushwe cheo au itupwe.

Yako mambo ya kuepuka. Usiendeshe chkdsk wala programu yoyote ya kukarabati kabla ya kunakili, kwa sababu huandika juu ya diski na kuichosha wakati ambapo haina nguvu. Usiifungue kutazama, maana chembe moja ya vumbi la Malili mbele ya pengo la nanomita chache ni kama jiwe la ukubwa wa nyumba katikati ya barabara. Usiiweke kwenye friji la barafu kama hadithi za zamani zinavyoshauri. Ikitoka, unyevu hutua juu ya sahani. Usiipige kofi.

Fundi wetu alifuata mpangilio huo ingawa hodi ilikuwa imekoma. Alinakili picha za siku zilizohitajika, ndipo akafungua daftari la diski. Sekta mbovu: sifuri. Zinazosubiri: sifuri. Marejesho ya dharura yalikuwa mengi, kama ilivyotarajiwa kwa sanduku lililokaa miaka bila betri ya akiba. Alimshauri mama anunue betri hiyo kabla ya kufikiria diski mpya, na kwamba kompyuta ya mauzo iliyo kimya pale nyuma inakiliwe kila Jumamosi jioni kwenye diski inayolala nyumbani, si dukani. Kompyuta hiyo haikuwa imetoa mlio wowote, na ndiyo iliyobeba madeni ya wateja wote.

Kwenye miteremko ya Machakos na Makueni wakulima huchimba matuta ya fanya juu wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mgumu na mbingu ikiwa nyeupe, na wengine hupanda mbegu kwenye vumbi kabla ya tone la kwanza. Mawingu wanayatazama kama watu wengine wote. Jembe tu ndilo hawalifungi kwenye mawingu.